Lita, kilo na debe: Namna ya kugeuza vipimo bila kupunjwa, kuanzia Garissa hadi Mandera

HESABU inayotajwa bila kipimo chake ni nusu ya habari. Mtu akikuambia amenunua "tano", bado hujasikia kitu mpaka aongeze neno la pili: kilo tano, lita tano, debe tano au ekari tano.

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, neno hilo la pili ndilo linaloamua mfugaji atapokea pesa ngapi kwa maksai wake, familia itatumia maji ya tangi kwa siku ngapi, na mtoto aliyedhoofika ataandikishwa katika mpango wa lishe au atarudishwa nyumbani.

Ugumu unatokana na wingi wa vipimo vinavyokutana sokoni. Vingine viliachwa na Waingereza, vingine vimetokana na ibada, vingine huvuka mpaka pamoja na bidhaa, na vingine ni vya mfumo wa kimataifa unaofundishwa shuleni. Asiyejua kuvigeuza kutoka kimoja hadi kingine humtegemea anayejua, na aghalabu anayejua ndiye muuzaji.

KIASI NA KIZIO

Kiasi ni sifa yoyote ya kitu inayoweza kupimwa: urefu, uzani, muda, halijoto, eneo au ujazo. Kizio ni kipande cha sifa hiyo hiyo ambacho watu wamekubaliana kukitumia kulinganishia. Urefu hupimwa kwa kipande cha urefu, na uzani kwa kipande cha uzani.

Zamani kipande hicho kilikuwa kiungo cha mwili. Dhiraa ilikuwa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shubiri ilikuwa upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kasoro yake ni wazi: mkono wa muuza nguo na wa mnunuzi havilingani.

Mnamo Mei 20, 1875, mataifa 17 yalitia saini Mkataba wa Mita jijini Paris ili dunia iwe na vipimo vya pamoja. Mwaka wa 1960 mfumo uliozaliwa na mkataba huo ulipewa jina la Mfumo wa Kimataifa wa Vizio, unaofupishwa SI.

Mfumo huo una vizio saba vya msingi: mita ya urefu, kilogramu ya uzani, sekunde ya muda, ampea ya mkondo wa umeme, kelvini ya halijoto, moli ya wingi wa chembe, na kandela ya mwangaza. Vingine vyote hujengwa kwa kuunganisha hivyo. Eneo ni mita mara mita. Mwendo ni mita kwa sekunde.

Kwa zaidi ya karne moja, kilogramu ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Tangu Mei 20, 2019, imefungamanishwa na kiwango cha maumbile kisichobadilika, kinachojulikana kwa jina la mwanafizikia Planck. Kilo ya sukari haikubadilika dukani, lakini sasa hakuna kipande cha chuma kinachoweza kuchakaa na kuiharibu.

Nchini Kenya, vipimo vya biashara vinasimamiwa na Sheria ya Uzani na Vipimo, Sura ya 513. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), lililoanzishwa mwaka wa 1974, hutunza vipimo vya kitaifa ambavyo vingine vyote hulinganishwa navyo. Mizani ya dukani inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na mnunuzi ana haki ya kuutazama muhuri huo.

KANUNI TATU

Kanuni ya kwanza: andika kizio kando ya kila tarakimu tangu mwanzo wa hesabu hadi mwisho. Ukienda kutoka kizio kikubwa hadi kidogo, tarakimu huongezeka. Ukienda kinyume, hupungua. Kilomita 3 ni mita 3,000. Ukipata mita 0.003, umegawanya pale ulipopaswa kuzidisha.

Viambishi husaidia. Kilo ni mara 1,000, mega ni mara 1,000,000, senti ni sehemu ya 100, na mili ni sehemu ya 1,000. Anayevijua hivi vinne hahitaji kukariri gramu, mita na lita kila moja peke yake.

Kanuni ya pili: geuza vitu vya jinsi moja tu. Maili hugeuzwa kuwa kilomita kwa sababu vyote ni urefu. Takriban kilomita 370 za barabara kutoka Nairobi hadi Garissa ni maili 230 hivi, kwani maili moja ni kilomita 1.609. Lita haigeuki kuwa kilo mpaka ujue ndani ya lita hiyo mna nini.

Kanuni ya tatu: chunguza sifuri ya kipimo iko wapi. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu kanuni hii bila kuiita hivyo. Saa moja asubuhi huandikwa 7:00 kwa sababu saa ya Kiswahili huanza kuhesabu macheo, na ile ya Kizungu usiku wa manane. Hatuzidishi kitu; tunaongeza au kupunguza sita.

Halijoto nayo ina mianzo miwili. Nyuzi za Selsiasi huanza pale maji yanapoganda, ambapo Farenhaiti tayari imefika 32. Ili kugeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti, zidisha kwa 1.8 kisha ongeza 32. Nyuzi 38 za Selsiasi ni 100.4 za Farenhaiti: nje ni mchana wa kawaida wa Garissa msimu wa joto, lakini ndani ya mwili wa mtoto ni homa.

Tofauti ya halijoto haiongezwi 32. Joto likipanda kwa nyuzi 5 za Selsiasi, limepanda kwa nyuzi 9 za Farenhaiti, wala si 41. Vivyo hivyo, safari ya saa mbili ni ya saa mbili kwa saa zote mbili.

DEBE, GUNIA NA KIINTAAL

Debe lilianza kama kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza. Galoni hiyo ni lita 4.546, kwa hiyo debe ni lita 18.2 hivi. Galoni ya Marekani ni ndogo, lita 3.785, jambo la kukumbukwa na anayesoma maelezo ya mashine kutoka huko.

Gunia la mahindi la kilo 90 lina historia kama hiyo. Wakati wa ukoloni gunia lilikuwa la ratili 200, na ratili moja ni kilo 0.4536. Ratili 200 ni kilo 90.7, desimali iliondolewa na 90 ikabaki.

Katika masoko ya mpakani, mfanyabiashara hukutana na kizio kingine. Wasomali hukiita kiintaal, na nchini Ethiopia pia hutumika: ni kilo 100 kamili. Magunia 10 ya Kenya ni sawa na kiintaal 9. Anayelipa bei ya kiintaal na kupokea gunia la kilo 90 amepoteza kilo 10 kwa kila gunia.

Miraa nayo ina "kilo" yake. Katika biashara hiyo neno hilo ni jina la bunda lililofungwa kwa vifurushi vidogo, na bunda hilo halifikii gramu 1,000. Hakuna anayedanganyika mradi wote wawili wanajua. Mgeni ndiye anayeshangaa mbele ya mizani.

UJAZO SI UZANI

Mtungi wa lita 20, ambao wengi huuita jerikeni, ndio kizio halisi cha maisha ya Kaskazini Mashariki. Ukijazwa maji, maji hayo yana uzani wa kilo 20. Ukijazwa maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kutoka Garissa hadi Eastleigh, Nairobi, ni kilo 20.6 hivi, kwa kuwa lita ya maziwa ni takriban kilo 1.03. Mafuta ya kupikia ni kilo 18.4 hivi, na ndiyo sababu huelea juu ya maji.

Suala hili hujitokeza pia kila mwisho wa Ramadhani. Zakatul-fitri iliwekwa kwa kipimo cha ujazo, yaani saa' moja, ambayo ni mudd nne. Waswahili waliiita pishi na kuigawa kwa vibaba vinne. Leo nafaka hupimwa kwa kilo, na wanazuoni wengi hukadiria kati ya kilo 2.5 na 3. Tofauti hiyo haishangazi: chombo kile kile kikijazwa mchele, ngano au tende, mizani haitasoma sawa.

Kosa la kuchanganya lita, kilo na ratili liliwahi kuiishia ndege mafuta angani. Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada iliyohitaji kilo 22,300 za mafuta ilijazwa kwa hesabu iliyotumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, mahali pa 0.80, ambayo ni kilo kwa lita. Iliondoka na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Injini zilizimika safarini, na rubani akaielea hadi uwanja wa zamani wa Gimli, Canada. Hakuna aliyekufa.

UZANI WA MIFUGO

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini, na biashara yake kubwa hufanywa kwa jicho. Dalali humtazama mnyama, hukadiria, na bei hupatanwa. Dalali mzoefu hukosea kidogo, lakini jicho lake halimlindi mfugaji anayeuza mara mbili kwa mwaka.

Mahali pasipo na mizani, utepe wa fundi cherehani unatosha kupata makisio ya ng'ombe. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka bega hadi nyonga ya nyuma. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu.

Ikiwa umepima kwa inchi, gawa kwa 300 upate ratili. Ikiwa umepima kwa sentimita, gawa kwa 10,840 upate kilo.

Chukua maksai mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 130. Mia na hamsini mara 150 ni 22,500. Mara 130 ni 2,925,000. Gawa kwa 10,840, utapata kilo 270 hivi. Dalali akimkadiria kwa kilo 230, pengo ni kilo 40. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya mnyama hai ni Sh200: mfugaji angepoteza Sh8,000 kwa mnyama mmoja.

Ukigawa sentimita kwa 300 kimakosa, utapata 9,750, na utajua papo hapo kuwa umekosea. Kosa la hatari ni lile linaloonekana kuwa kweli. Maksai huyo huyo ana ratili 595, na anayesoma "595" kama kilo atamnywesha dawa mara mbili ya kiwango.

Dawa ya minyoo na kupe ya ivermectin yenye nguvu ya asilimia 1, kwa mfano, hudungwa ng'ombe kwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Maksai wa kilo 270 anahitaji mililita 5.4. Kabla ya kudunga, soma karatasi ya dawa yenyewe na umwulize afisa wa mifugo, kwa kuwa nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa.

MVUA, TANGI NA MTO TANA

Mvua hupimwa kwa milimita, kipimo cha urefu, na wengi hujiuliza urefu huo ni wa nini. Ni kina cha maji ambayo yangesimama kama ardhi ingekuwa tambarare na isinywe chochote. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili.

Paa la mabati la mita 6 kwa 8 lina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu yake ni lita 1,200, yaani mitungi 60, kabla ya kutoa yanayomwagika. Anayetaka kujenga tangi au birika la chini ya ardhi aanze na hesabu hiyo.

Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipofeli, maji yalipelekwa vijijini kwa malori. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, au mitungi minne na nusu. Lori la lita 10,000 hutosheleza familia 111 kwa siku moja, bila kumnywesha hata mbuzi mmoja. Ngamia aliyekaa muda mrefu bila maji aweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja.

Mto Tana unahitaji vipimo viwili visivyochanganywa. Kimo cha maji husomwa kwa mita. Wingi wa maji yanayopita husomwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Tangazo likisema mto umeongezeka kwa mita za ujazo 100 kwa sekunde, ni mitungi 5,000 ya ziada kila sekunde.

Tarakimu inayowachanganya wengi ni ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981. Husemwa kwamba bwawa hujaa na kuanza kumwaga maji yakifika mita 1,056.5. Hicho si kina cha maji. Ukuta wa bwawa haufiki hata mita 100. Ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kwa hivyo, tofauti kati ya 1,055.5 na 1,056.5 si "sehemu moja ya elfu", bali ni mita nzima ya maji juu ya ziwa lote. Mwaka wa 2023 na tena 2024, mafuriko yalipokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, aliyeielewa tofauti hiyo alikuwa na sababu ya kuhamisha mali yake mapema.

PLOTI NA UMEME

Ardhi mijini huuzwa kwa futi na mashambani kwa ekari, ilhali hati huandikwa kwa hekta. Hekta ni mita 100 kwa 100, na ni sawa na ekari 2.47. Ekari ni futi za mraba 43,560.

Ploti ya "hamsini kwa mia" huitwa thumuni ya ekari, lakini si thumuni kamili. Hamsini mara 100 ni futi za mraba 5,000. Thumuni ya ekari ni 5,445. Pengo ni futi za mraba 445, au mita za mraba 41, nafasi ya vyumba viwili vikubwa.

Kiwanda cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kimejengwa kwenye hekta 85, sawa na ekari 210. Uwezo wake wa kilele ni megawati 54.6. Megawati ni kasi ya kuzalisha, kama upana wa bomba. Kilowati-saa ni kawi iliyokwisha kupatikana, kama maji yaliyomo mtungini. Usiku bomba hilo hufungwa.

"Uniti" unayoinunua kwa tokeni ni kilowati-saa moja. Balbu ya wati 10 itawaka saa 100 kabla ya kuimaliza.

SENTIMITA MOJA YA MKONO

Kipimo kidogo kuliko vyote katika makala haya ndicho kizito zaidi. Wahudumu wa afya hupima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa rangi. Milimita 125 na zaidi ni kijani. Kati ya 115 na 124 ni manjano, utapiamlo wa wastani. Chini ya 115 ni nyekundu, na mtoto anahitaji matibabu bila kuchelewa.

Kutoka kijani hadi nyekundu ni sentimita moja tu. Utepe ukikazwa mno au ukilegezwa, au mtu akikadiria kwa macho, mtoto mgonjwa huandikwa mzima. Mzazi ana haki ya kuuliza: umesoma ngapi, na kwa kizio gani?

JEDWALI LA KUHIFADHI

Inchi 1 = sentimita 2.54
Futi 1 = sentimita 30.48
Maili 1 = kilomita 1.609
Ratili 1 = kilo 0.4536
Kilo 1 = ratili 2.205
Gunia la mahindi = kilo 90
Kiintaal 1 = kilo 100
Tani 1 = kilo 1,000
Galoni ya Kiingereza = lita 4.546
Debe 1 = lita 18.2 hivi
Mita 1 ya ujazo = lita 1,000 = mitungi 50 ya lita 20
Mvua milimita 1 kwenye hekta = lita 10,000
Ekari 1 = mita za mraba 4,047
Hekta 1 = ekari 2.47
Selsiasi kwenda Farenhaiti = zidisha kwa 1.8, ongeza 32
Farenhaiti kwenda Selsiasi = ondoa 32, gawa kwa 1.8